Bao la Ainea Nililolihesabu Langu

Makala ile ya televisheni ilinigharimu kuku mmoja wa kienyeji, nauli ya kwenda Khwisero na kurudi, na jirani mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama desturi yangu, na jumla haibadiliki. Upande wa mapato kuna shilingi elfu nane, zilizokwisha kabla ya wiki kwisha, na dakika sita za kuonekana na nchi nzima nikiwa nimejifunga kitambaa cha kichwa cha dada yangu. Kitambaa nilikirudisha.

Nawaandikia nyinyi mliofungua vyumba vya gemu hapa Kakamega, vyenye viti vya kuzunguka na taa za buluu. Mimi ndiye Mama Gemu. Baadhi yenu mlicheza kwangu mkiwa hamjafikia meza, mkapandishwa juu ya kreti ya soda. Nilikaa kwenye kazi ile miaka ishirini na mitatu, nikafunga kibanda magoti yalipoanza kunidai. Mkinikuta sokoni huniuliza siri ya biashara. Siri ilikuwa Ainea. Nilipata nafasi ya kusema hivyo mahali ambapo pangesikika, sikusema.

Ainea alikuwa fundi wa redio. Meza yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta wangu wa mabati, na kwenye ukuta huo kulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani ambalo hakuna aliyejua nani alilikata. Kupitia tundu hilo tulipitishiana chai, bisibisi na umbea. Aliniita Jirani. Wengine wote waliniita Mama Gemu, hata mchungaji wangu, lakini Ainea, miaka yote ile, ni Jirani tu.

Mashine ya kwanza niliinunua Nairobi. Nilikuwa natoka kwenye biashara ya mitumba na nilijua kupunguza bei kuliko nilivyojua kitu chochote kingine duniani. Muuzaji alianza juu, mimi nikaanza chini, tukakutana mahali ambapo yeye alikuwa karibu kulia. Nilirudi nyumbani nikitabasamu njia nzima. Nilipofungua boksi nikakuta ganda la mashine, na ndani ya ganda, kipande cha kigae cha sakafu kilichofungwa vizuri kwa gazeti ili kisicheze. Nilikuwa nimepunguziwa bei ya kigae.

Ainea alichungulia kwenye tundu, akatazama kigae, kisha ganda.

"Jirani," akasema, "hata hivyo ganda ni zima."

Hakucheka mpaka mimi nilipocheka. Ganda lile alilitumia miezi mitano baadaye kufunikia mashine nyingine ambayo ganda lake lilikuwa limepasuka. Kwa hiyo kijana, kama unanunua mashine iliyotumika, shika hili: isikie ikizunguka kabla ya kutoa hata senti. Kupunguza bei ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza ni kujua kwamba kitu kipo.

Mengi mnayoyaona kuwa ujanja wangu yalitoka upande ule wa ukuta. Pedi ya kuchezea ikichoka, kitufe kikawa hakisikii, nyinyi leo mnatupa. Ainea alikuwa anaifungua, anakata karatasi ya fedha iliyomo ndani ya pakiti ya sigara, anagandisha kipande kidogo chini ya mpira wa kitufe, na pedi inarudi kusikia kama mtoto aliyeahidiwa mandazi. Kaseti ya gemu ikikataa kusoma, watoto walikuwa wanaipuliza. Alinikataza. Pumzi ina maji, akasema, na maji yanaleta kutu. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti, uingoje ikauke. Mashine za diski zilipokuja na jicho la kusomea likaanza kuzeeka, ni yeye aliyegundua kwamba ukiilaza mashine kichwa chini inasoma vizuri. Wateja wapya walikuwa wanakuja wananiambia, "Mama, mashine yako imeanguka." Nikawaambia imelala, na ikiamshwa inanuna.

Lakini jambo kubwa la Ainea halikuwa la waya. Lilikuwa la mvua.

Mnajua mvua ya hapa. Saa tisa alasiri wingu linatoka upande wa Isecheno, juu ya msitu, jeusi kama sufuria ya matanga, na kabla hujaanua nguo radi imeshafika. Katika mwaka wangu wa kwanza radi iliniunguzia televisheni mbili. Ainea akanifundisha kuhesabu: mwanga ukipiga, hesabu mpaka usikie mngurumo, na ukisikia kabla ya kufika kumi na tano, chomoa kila kitu, stima na waya wa antena, usimwombe mchezaji ruhusa. Mimi nilikuwa nahesabu mara mbili, na hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza, kwa sababu radi haimngoji mtu arudie hesabu.

Sasa, ukichomoa katikati ya mechi, au stima ikipotea yenyewe, mechi imekufa. Mashine za siku zile zilikuwa hazikumbuki kitu. Vijana wawili walikuwa wameshalipa, mmoja anaongoza, na kila mtu ana hadithi yake. Siku za mshahara walikuwa wanakuja wakata miwa kutoka Butali, watu wenye mikono ya kazi, na nilikuwa nahofia viti vyangu. Ndipo Ainea akapitisha daftari kwenye tundu. La kurasa mia mbili, jalada jekundu. Akaniambia niandike: majina ya wachezaji, mabao, dakika iliyokuwa kwenye skrini. Wote wawili watie sahihi. Stima ikirudi, hata kama ni kesho, wanaanza mpya lakini wanacheza dakika zilizobaki tu, na mabao ya jana yanaongezwa. Anayetakiwa kurudi akikosa kufika mpaka Jumamosi, mwenzake ameshinda. Na sheria kubwa kuliko zote: bao ambalo halikuonwa na wote wawili halihesabiwi.

Shemu, kinyozi wa karibu na stendi, ndiye aliyeijaribu sheria hiyo. Skrini ilizima akiwa mbele ya goli, akaruka juu akidai bao. Mwenzake akakataa. Watu wakasimama. Kichwa cha Ainea kikatokea kwenye tundu, miwani juu ya kipaji cha uso.

"Shemu. Bao liliingia, au lilikuwa linaingia?"

Shemu alikuwa mlokole. "Lilikuwa linaingia, mzee."

"Basi liko njiani. Kesho tutalipokea hapa hapa."

Watu walicheka mpaka wakakaa. Daftari lile likawa sheria ya mji. Vibanda vingine vikaiga. Nilisikia hata huko Mumias walikuwa wanaandikishana. Watu walikuja kucheza kwangu, wakapita vibanda vyenye mashine bora, kwa sababu kwangu hakuna aliyeibiwa bao. Hiyo ndiyo biashara yote. Mashine kila mtu angeweza kununua.

Nilipostaafu nikapata muda wa kutazama televisheni, na nikagundua kwamba kuna makala kuhusu historia ya gemu. Nimetazama tisa; mbili nimezirudia ili niwe na haki ya kulalamika. Zote ni ndugu wa tumbo moja. Zinaanza na gereji ya huko Marekani na kijana mwenye nywele ndefu ambaye hakuna aliyemwamini. Kisha linakuja jumba la taa nyingi huko Japani. Kisha mzee wa miwani anakaa mbele ya rafu ya vitabu, anasema kwamba hapo dunia ilibadilika. Muziki unapanda. Kila kitu kina mwanzilishi mmoja, na kila mwanzilishi alikuwa peke yake. Mashine zinaonyeshwa zikitoka kwenye boksi zikimetameta. Hakuna siku wameonyesha mashine ikiwa na miaka kumi na mbili, imelala kichwa chini, inaendeshwa na karatasi ya sigara. Afrika inapewa dakika tatu karibu na mwisho: vumbi, watoto wanakimbia polepole, ngoma, halafu tunarudi Japani.

Nilikuwa namlalamikia mume wangu. Nilimwambia hao watu wanahesabu wanaonunua tu, hawahesabu wanaotengeneza. Wangekuja kwangu, nikasema, ningewaambia historia yenyewe.

Wakaja.

Alikuwa kijana mtayarishaji kutoka Nairobi, Tony, mpole, mwenye viatu vyeupe ambavyo nilivionea huruma. Alikuwa anatengeneza makala ya gemu nchini Kenya na amesikia habari za daftari. Alipojua kwamba mwenye kibanda ni mwanamke, macho yake yaliwaka. Aliniambia kwa heshima zote kwamba hadithi ya mwanamke aliyeanzisha mambo peke yake magharibi ya Kenya itashika watazamaji. Alitoa elfu tano za kunisumbua. Nikampandisha mpaka elfu nane, na nilipopata elfu nane nilikuwa katika ile furaha yangu ya zamani, furaha ya kigae. Nilikuwa nimeshapatana bei kabla ya kuuliza ninauza nini.

Nilimpigia Ainea, ambaye alikuwa amestaafu kwake Khwisero, analima mahindi na kutengeneza redio za kanisa. Akaja asubuhi na mapema akiwa na koti la harusi ya binti yake Rispa. Kibanda changu cha zamani sasa kinauza vifuniko vya simu. Mwenyewe alituachia kwa asubuhi moja. Tundu bado lipo. Vijana wa kamera waliisimamisha mashine yangu wima, ipendeze, ikakataa kusoma. Wakaigonga. Ainea akaomba nafasi.

"Hii inalalanga," akawaambia, akaipindua. Ikasoma. Wakapiga picha mikono yake kwa karibu, wakasema ni mikono mizuri sana.

Mimi ndiye niliyehojiwa kwanza, ndani, mlango ukiwa umefungwa ili sauti za nje zisiingie. Ainea alikuwa upande wa pili wa tundu, akingoja zamu yake, lakini walikuwa wameliziba kwa blanketi. Tony akaniuliza ni nani aliyenifundisha kutengeneza mashine, na wazo la daftari lilitoka wapi.

Nawaambia kama nilivyosema. Nilisema, "Nilijifundisha mwenyewe. Shida ndiyo mwalimu. Daftari nililianzisha mimi, kwa sababu wateja walikuwa wananisumbua."

Jibu likatoka taratibu, kama kitu nilichokikariri. Nilikuwa nimetazama makala tisa. Nilijua wanavyosema.

Kisha wakamhoji Ainea kwenye meza yake. Sikusikia aliyoyasema. Aliporudi alikuwa ameridhika, anajipangusa jasho, akasema vijana wa siku hizi wanauliza maswali mazuri. Nikamlipia chai. Chai, watoto wangu.

Hilo lingeweza kuwa kosa la ulimi, na kosa la ulimi lina dawa. Lakini wiki tatu baadaye Tony akanipigia simu. Aliuliza vizuri kabisa. "Mama, mzee anasema daftari ni wazo lake, na wewe unasema ni lako. Siwezi kuweka yote mawili. Nishike la nani?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Nakumbuka nilisimamisha mikono. Niliwaza kwamba nikisema ni la Ainea, wataniuliza elfu nane nilipewa kwa kazi gani. Niliwaza kitambaa cha kichwa, na watu wa kanisani niliokwisha kuwatangazia. Lakini hata hayo ni visingizio. Nikihesabu tena, nilitaka tu kuwa yule mtu wa gereji.

"Shika langu," nikasema.

Makala ilionyeshwa Jumapili alasiri. Ainea alikuwa amewaita majirani, akachinja kuku, mke wake akasonga obusuma, ugali wetu, wa watu kumi na watano. Mimi nilitazama nyumbani. Dakika sita. Mikono ya Ainea ilitokea mapema, mizuri kweli, na juu yake ilikuwa inapita sauti yangu ikisema nilijifundisha mwenyewe. Uso wake haukutokea. Jina lake halikutajwa. Ilipofika mahali pa daftari nilikwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Simu ikalia makala ilipokwisha tu.

"Jirani, huku kumenyesha, stima imekimbia," Ainea akasema. Nyuma yake nilisikia watu wengi na mvua juu ya mabati. "Tumeona mikono, halafu giza, hata sauti yako hatujaisikia kwa mvua hii. Nimewaambia hawa uso unakuja. Ulikuja?"

Mnaona alichokuwa ananiuliza. Skrini imezima, yeye hakuona, mimi nimeona. Ilikuwa ni daftari tupu, na kalamu nilikuwa nayo mimi.

"Ulikuja," nikasema. "Mwishoni. Ulionekana vizuri."

Nikamsikia anawatangazia majirani, na watu wakapiga makofi gizani.

Wiki mbili baadaye mjukuu wake, binti wa Rispa, akaipata makala kwenye simu, akamwekea babu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama Rispa, mke wa Ainea, ndiye aliyeniambia, kwa simu, bila kupandisha sauti. Alisema mzee aliomba arudishiwe mwisho mara mbili, akidhani amesinzia akapitwa na uso wake. Kisha akatoka kwenda kuangalia mahindi, na mahindi yalikuwa yameshavunwa.

Nikanunua kuku. Jogoo mwekundu, sikupunguza bei, muuzaji akashtuka akaniuliza kama naumwa. Nikaenda Khwisero nikiwa nimepanga maneno. Ainea alikuwa ameketi barazani anafungua redio. Akasimama, akanipa mkono.

"Mulembe. Karibu, Madam."

Nilingoja aseme lile jina lingine. Hakusema. Aliuliza hali ya mume wangu, ya magoti yangu, ya mvua upande wa mjini, kwa mpangilio mzuri, kama mtu anayejaza fomu. Kila nilipofungua mdomo kuanza, alinikaribisha maziwa. Jogoo wangu alichinjwa, kwa sababu mgeni hapelekwi nyumbani na njaa. Chakula kilipoletwa, Mama Rispa alimsogezea mzee sahani yake, na firigisi iko juu. Mnajua sisi firigisi, imondo, ni ya nani. Ni ya mwenye boma, au mgeni aliyemzidi. Zamani mama zetu hata kuku wenyewe hawakula, sembuse imondo.

Ainea akaichukua kwa vidole vyake viwili, vile vile vya kwenye makala, akaivusha meza akaiweka juu ya obusuma wangu.

"Imondo ni ya mwanzilishi," akasema.

Hakusema kwa hasira. Wajukuu walikuwa wananitazama, wanajivunia kwamba mtu wa kwenye televisheni amekula kwao. Ningeweza kuirudisha kwenye sahani yake na kusema neno moja. Lilikuwa neno fupi. Nilihesabu mpaka kumi na tano, nikarudia, na kama alivyoniambia zamani, radi haingoji. Niliila. Nilitafuna imondo ya Ainea mbele ya wajukuu wake, nikasema ni tamu.

Nimempigia Tony. Amesikitika, anasema makala imeshatoka, haiwezi kufunguliwa, labda wakitengeneza nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wowote ujao akitafuta historia ya gemu za hapa atanikuta mimi, peke yangu, na mikono isiyo na mtu. Nililalamikia makala tisa, nikawaongezea ya kumi.

Daftari jekundu ninalo. Limebaki ukurasa mmoja mtupu, na wiki iliyopita niliujaza kama tulivyokuwa tunajaza: jina langu, jina lake, alichofanya yeye, nilichosema mimi, na siku ambayo stima ya Khwisero ilipotea. Nimetia sahihi upande wangu. Upande wake uko wazi. Lakini sheria yake mnaikumbuka: anayetakiwa kurudi akikosa mpaka Jumamosi, amepoteza. Nimehesabu Jumamosi tangu nile ile imondo. Ni kumi na moja. Nimerudia, ni kumi na moja.

Nyinyi mlikuwa mle kibandani, mkiegemea ukuta, mnatazama. Mimi muda mwingi nilikuwa nimeinamisha kichwa nahesabu sarafu, na kuna jambo sikuliona. Kama kuna mmoja wenu anayekumbuka, aniambie kabla sijapanda gari la Khwisero: mtu akichelewa zaidi ya Jumamosi, akaja mwenyewe na daftari mkononi, Ainea aliwahi kumfungulia mashine amalizie mechi?